Kupima na Kubadilisha Oili ya Giaboksi ya Otomatiki

Sehemu ngumu ya kubadilisha oili ya giaboksi ya otomatiki si kumwaga ile ya zamani wala kumimina mpya, bali ni kuwa na hakika kwamba kiasi kilichomo ndani baada ya kazi kwisha ndicho kinachotakiwa. Injini nyingi huachiwa nafasi ya takriban lita moja kati ya alama ya chini na ya juu kwenye dipstiki, na dereva hapati shida oili ikiwa popote kati ya alama hizo. Giaboksi huachiwa nafasi ndogo zaidi, na alama zenyewe hazina maana mpaka ujue oili ina joto kiasi gani wakati unapozisoma. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye upimaji na utapita haraka kwenye kazi za spana, ambazo mtu aliyewahi kubadilisha oili ya injini hatazishangaa.

Ugumu huo unatokana na wingi wa kazi ambazo oili hii hufanya. Ndani ya toki konveta, kifaa kilicho kati ya injini na gia, ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gia, kwa kuwa hakuna klachi ya mguu ya kuunganisha viwili hivyo. Ikisukumwa na pampu, hupita kwenye vali bodi, ambako vali na solenoidi (swichi za umeme zinazosukuma vali) huielekeza kwenye klachi za ndani ili zibane au ziachie, na hapo ndipo gia hubadilika. Hulainisha gia na beringi, huondoa joto na kulipeleka kwenye kipoozeo, na huamua klachi zishike kwa ukali au kwa ulaini kiasi gani. Oili ikipungua, pampu huvuta hewa, shinikizo hushuka, klachi huteleza badala ya kubana, na joto la kuteleza huko huzidi kuichakaza oili iliyobaki. Ikizidi, sehemu zinazozunguka huifikia na kuipiga mpaka itoe povu, na povu hilo hupeleka hewa kwenye pampu vilevile. Tena oili huweza kutokea kwenye tundu la kupumulia, ukadhani kuna sili iliyokatika. Ndiyo maana dalili za upungufu na za ziada hufanana sana, na mtu anayeongeza oili kila gari linapochelewa kushika gia, bila kupima, anaweza kuwa anaukuza ugonjwa anaojaribu kuuponya.

Aina ya oili

Kabla ya kununua chochote, tafuta kwenye kitabu cha gari jina kamili la aina ya oili inayotakiwa. Katika magari mengi jina hilo limechapwa pia kwenye dipstiki yenyewe. Rangi nyekundu haitoshi kuwa kitambulisho, kwa sababu oili nyingi za giaboksi hutiwa rangi hiyo ingawa ndani yake hazifanani. Toyota, kwa mfano, ilitumia aina iitwayo T-IV kwa miaka mingi kisha ikaja na WS, ambayo ni nyepesi zaidi, na hizo mbili hazipaswi kubadilishana nafasi. Honda ilitoka Z1 ikaenda DW-1, nayo General Motors iliitoa Dexron VI ichukue nafasi ya Dexron III. Giaboksi za CVT, ambazo badala ya gia za ngazi huwa na mkanda au mnyororo wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, hutaka oili yake maalumu, kama NS-3 kwa magari mengi ya Nissan. Ukiimiminia CVT oili ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza na kukwaruza puli, na uharibifu huo haurekebishiki kwa kumwaga tena. Giaboksi za klachi mbili nazo zina oili yake.

Tofauti kubwa kati ya oili hizi ipo kwenye viungo vya kemikali vinavyodhibiti msuguano, na watengenezaji wamehangaika navyo tangu zamani: hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 baadhi ya oili za namna hii zilitiwa mafuta ya nyangumi kwa kazi hiyo, mpaka sheria za Marekani za kuwalinda wanyama hao zilipolazimisha kutafutwa kwa mbadala. Oili za makopo yanayodai kufaa magari yote hazistahili kukataliwa moja kwa moja, lakini mimi huzikubali tu pale ambapo jina la aina inayotakiwa limeandikwa waziwazi kwenye orodha iliyo nyuma ya kopo. Dawa za kuongezea, zinazoahidi kuzuia kuteleza au kuziba uvujaji, ni bora ziachwe dukani.

Kupima kwenye giaboksi yenye dipstiki

Endesha gari kwa mwendo wa kawaida kwa dakika 15 hadi 20 ili oili ifike joto la kazi, ambalo kwa giaboksi nyingi ni kati ya nyuzi 70 na 80 za Selsiasi. Injini kupata moto hakumaanishi kwamba giaboksi nayo imepata; giaboksi huchelewa, na gari lililowashwa likaachwa lingurume limesimama litakudanganya. Ikiwa, kinyume chake, umetoka kwenye foleni ndefu juani, au umevuta tela, au umekwenda kasi kwa muda mrefu, zima gari usubiri kama nusu saa, kwa kuwa oili iliyopata moto kupita kiasi husomeka juu kuliko ilivyo. Kuvimba huku si jambo dogo: lita 8 za oili zikipanda joto kwa nyuzi 60 huongezeka kwa takriban theluthi moja ya lita, kiasi ambacho kwenye dipstiki kinatosha kuivusha oili alama moja hadi nyingine.

Egesha gari mahali palipo sawa kabisa, vuta breki ya mkono, acha injini ingurume bila kukanyaga mafuta. Ukiwa umekanyaga breki ya mguu, peleka mkono wa gia taratibu kutoka P (nafasi ya kuegesha) hadi gia ya mwisho na kurudi, ukitua sekunde tatu au nne kila nafasi, ili oili ijaze njia zote za ndani. Rudisha P, toka nje, chomoa dipstiki, ifute, irudishe mpaka ikae kabisa, kisha ichomoe tena na kuisoma. Usomaji wa kwanza haufai, kwa sababu oili hurukia dipstiki gari linapotembea. Tazama pande zote mbili za dipstiki, na zikitofautiana, amini ule upande ambao oili imesomeka chini zaidi. Kitambaa cha kufutia kisiwe kinachoacha nyuzi, kwani uzi mmoja ukiingia kwenye vali bodi unaweza kukwamisha vali ambayo nafasi yake ni nyembamba kuliko unywele.

Dipstiki nyingi zina maeneo mawili, moja la baridi na jingine la moto. Lile la baridi ni la kukadiria tu unapojaza oili mpya. Hukumu hutolewa kwenye lile la moto. Si magari yote, hata hivyo, yanayopimwa injini ikiwa inafanya kazi. Magari mengi ya Honda hutaka injini izimwe na kipimo kichukuliwe ndani ya sekunde 60 hadi 90 baada ya kuzima, na baadhi ya giaboksi za zamani za Chrysler na Mitsubishi hupimwa gia ikiwa N (nafasi huru) badala ya P. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho hapa, hata pale ambapo fundi ana mazoea tofauti.

Dipstiki ikiwa bado mkononi, dondoshea oili kidogo kwenye karatasi nyeupe uichunguze. Nyekundu angavu au nyekundu inayoelekea kahawia haina tatizo. Kahawia iliyokolea ni ya kubadilishwa. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inaeleza kwamba klachi zimekuwa zikiteleza, na kwamba oili mpya huenda isilete nafuu yoyote. Iliyo ya waridi na nzito kama maziwa imeingiliwa na maji, mara nyingi kutoka kwenye rejeta, ambako magari mengi huwa na kipoozeo cha oili ya giaboksi ndani yake. Gari lenye oili ya namna hiyo lisiendeshwe tena hata hatua chache, kwa sababu maji hulegeza gundi inayoshikilia bitana za klachi.

Giaboksi isiyo na dipstiki

Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana dipstiki ya giaboksi. Badala yake kuna kizibo cha kupimia chini ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, au ubavuni, ambacho ndani yake mara nyingi husimama mrija mfupi. Urefu wa mrija huo ndio kipimo chenyewe. Kizibo kikifunguliwa oili ikiwa kwenye joto lililowekwa, ile iliyozidi ncha ya mrija humwagika, na iliyobaki ndiyo kiasi sahihi. Joto hilo ni la chini kuliko la kazi: kwa giaboksi nyingi za Toyota zinazotumia WS ni kati ya nyuzi 35 na 45 hivi, na kwa giaboksi za ZF za gia 6 ni kati ya 30 na 50. Ukipima kwenye nyuzi 80, oili iliyovimba itamwagika kwa wingi na utabaki na upungufu. Ukipima ikiwa baridi, utafunga ikiwa imezidi.

Njia ya kuaminika ya kujua joto hilo ni kuunganisha kifaa cha kusomea kompyuta ya gari na kufuatilia sensa iliyo ndani ya giaboksi. Kipimajoto cha mwanga kinacholengwa kwenye sampu husaidia, ingawa husoma joto la bati la nje, ambalo huwa chini kidogo ya lile la oili. Gari lazima liinuliwe pembe zote nne likae sawa, injini iwe inanguruma, na kila gia iwe imepitiwa kama ilivyoelezwa hapo juu. Oili ikitoka kama kamba nyembamba, subiri. Ikigeuka matone, funga. Ikiwa hakuna kinachotoka kabisa, oili ni pungufu, na inabidi kuongeza kupitia kizibo cha kujazia mpaka ianze kufurika.

Muda wa kubadilisha

Vitabu vingi vya magari hutaja kati ya kilomita 60,000 na 100,000, na kwa magari yanayofanya kazi nzito, kama kuvuta mizigo, kupanda milima au kukaa kwenye foleni kila siku, ni busara kushusha hadi 40,000 au 50,000. Vipo pia vitabu vinavyodai kwamba oili ni ya maisha yote ya gari. Dai hilo lisomwe kwa tahadhari: kampuni ya ZF, inayotengeneza giaboksi za magari mengi ya Ulaya, yenyewe hupendekeza kubadilisha oili baada ya kilomita 80,000 hadi 120,000 au miaka minane, hata pale ambapo mwenye gari ameambiwa asiguse.

Swali linalowasumbua wengi ni la gari lililotembea kilomita laki mbili bila kubadilishwa oili hata mara moja, kwa kuwa wamesikia kwamba oili mpya huiua giaboksi ya namna hiyo. Kwa maoni yangu, lawama hupelekwa mahali pasipo pake. Wenye magari wengi hukumbuka oili pale tu giaboksi inapoanza kuteleza, yaani klachi zikiwa zimekwisha, kisha giaboksi inapokufa wiki chache baadaye lawama huangukia oili mpya. Ikiwa gari bado linashika gia vizuri, badilisha kwa kumwaga na kujaza tu, bila kutumia mashine ya kusukuma oili kwa nguvu, ambayo yaweza kung'oa uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vali. Ikiwa tayari linateleza na oili inanuka moto, fedha ya oili ni afadhali iwekwe kwa ajili ya kufungua giaboksi.

Kumwaga na kubadilisha filta

Andaa jeki na stendi nne imara, kabari za magurudumu, beseni linalomeza lita 8 au zaidi, chombo chenye alama za lita, soketi, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), faneli yenye shingo ndefu au bomba la mkono la kusukumia oili, filta na gasketi mpya, ringi mpya za vizibo, glavu na miwani. Pasha gari kidogo tu. Oili ya vuguvugu hutoka vizuri, ilhali ya nyuzi 80 hubabua ngozi. Usiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Ukiwa chini, hakikisha unachokifungua ni giaboksi. Kumwaga oili ya giaboksi ukidhani ni ya injini hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokiri, na kwenye magari ya Subaru kuna mtego wa ziada, kwani difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) imo ndani ya nyumba ya giaboksi ikiwa na kizibo chake na oili yake tofauti. Kisha, kwa giaboksi isiyo na dipstiki, legeza kwanza kizibo cha kujazia kabla hujagusa cha kumwagia. Ukimwaga ndipo ugundue kwamba cha kujazia kimeshika kutu na hakifunguki, gari litabaki juu ya stendi bila oili.

Fungua kizibo cha kumwagia, acha oili ishuke mpaka ibaki matone. Sampu isiyo na kizibo hufunguliwa kwa kulegeza boliti zote, kuondoa za upande mmoja, na kuishusha polepole ili oili imwagikie upande huo. Jiandae, maana humwagika ghafla. Sampu ikitoka, itabaki imebeba oili kidogo, hivyo ishushe ikiwa sawa. Ndani yake utaona sumaku moja au zaidi zilizofunikwa na uji wa kijivu. Uji huo ukiwa laini kiasi cha kutosikika kati ya vidole, ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma vinavyoonekana kwa macho ni habari nyingine: kuna sehemu inayovunjika ndani, na kuendelea kujaza oili mpya ni kupoteza.

Filta huvutwa au kufunguliwa boliti zake. Kosa linalofichika hapa ni sili ya shingo ya filta, ambayo mara nyingi hubaki imeng'ang'ania kwenye tundu wakati filta inatoka. Ukiingiza filta mpya juu ya sili ya zamani haitakaa, na pampu itavuta hewa hata kama oili imejaa barabara. Ing'oe kwa mkono au kwa kifaa kisicho na makali, bila kukwaruza tundu. Kwenye giaboksi kadhaa za ZF, filta na sampu ni kitu kimoja cha plastiki kinachobadilishwa kizima.

Safisha sampu na sumaku, ondoa mabaki yote ya gasketi, rudisha sumaku mahali pake, kisha kaza boliti kwa vidole kabla ya spana. Ukaze kwa kuvuka kutoka kona moja hadi ile inayoitazama, kwa awamu mbili, ukitumia kipimo kilichoandikwa kwa gari lako. Boliti hizi ni ndogo, nyingi zikitaka kama nyutoni mita 7 hadi 12 tu, na anayezikaza kwa nguvu za mkono mzima hukunja sampu au huvunja nyuzi kwenye alumini, na uvujaji anaoukimbia ndio anaouleta.

Kujaza

Pima kiasi kilichotoka, pamoja na kile kilichobaki kwenye sampu, na uanze kwa kurudisha kiasi hichohicho, ikiwa kabla ya kumwaga uliona kiwango kilikuwa sawa. Usitumie ujazo kamili ulioandikwa kitabuni, kwa sababu huo unahesabu giaboksi iliyo tupu, na kumwaga kwa njia hii huacha oili nyingi kwenye toki konveta, vali bodi na mabomba ya kipoozeo. Giaboksi yenye lita 8, ikitoa 4, hubaki na nusu ya oili ya zamani. Ukirudia kazi baada ya kuliendesha gari kidogo, oili mpya hufika robo tatu, na ukirudia mara ya tatu hukaribia asilimia 88. Kwa gari linalotunzwa kwa ratiba, mara moja kwa kila awamu inatosha. Kwa oili iliyokwisha kuwa nyeusi, mara mbili au tatu zina faida, na filta haihitaji kubadilishwa kila mara.

Mimina kupitia mrija wa dipstiki au kizibo cha kujazia. Washa injini, pitisha gia zote kama ulivyofanya wakati wa kupima, kagua chini kama kuna uvujaji, kisha pima ukiwa bado kwenye baridi ili kuona kwamba hukukosea sana. Endesha mpaka joto la kazi, au kwa giaboksi isiyo na dipstiki subiri joto lake maalumu, na ndipo upime kwa hukumu. Ongeza kidogo kidogo, kama mililita 200 kila mara, ukiipa oili dakika moja au mbili kushuka, kwani mrija wenye unyevu huisomesha dipstiki vibaya. Ukizidisha, punguza kwa kunyonya kwa bomba kupitia mrija wa dipstiki au kwa kulegeza kizibo cha chini. Usijifariji kwamba itajipunguza yenyewe.

Baadhi ya magari hutaka kompyuta yake iarifiwe, ama kwa kufuta hesabu ya uchakavu wa oili kama ilivyo kwenye CVT kadhaa za Nissan, ama kwa kuifundisha upya namna ya kubana klachi. Bila hatua hiyo gia zinaweza kushtua kidogo siku za mwanzo ingawa kila kitu kimefungwa sawasawa. Oili chafu iweke kwenye makopo yenye vifuniko na uipeleke panapokusanywa oili iliyotumika, wala usiimwage kwenye mtaro au ardhini.

Pima tena baada ya kilomita mia chache, kwa joto lilelile ulilotumia mwanzo. Kiwango kikiwa kimeshuka, tafuta unyevu kuzunguka sampu, vizibo na viungio vya mabomba ya kipoozeo. Ikiwa chini ni kukavu na oili bado imepungua, fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa kabisa na uangalie kama kuna utando wa mafuta juu ya maji. Ukiuona, kipoozeo kilicho ndani ya rejeta kimetoboka, na gari livutwe hadi kwa fundi badala ya kuendeshwa.